Dohani kwanza, nguzo baadaye

Nyumba mpya katika Mkoa wa Songwe, kuanzia Tunduma mpakani hadi Galula kule bondeni, hutambulika kwa uso wake: nguzo za saruji barazani, nakshi za plasta kuzunguka madirisha, kenchi iliyopandishwa juu ili paa lionekane kwa mbali. Nyuma ya uso huo liko jiko, na mara nyingi humo mna mafiga matatu chini ya bati, moshi ukisubiri mlango ufunguliwe. Fedha ya nakshi ilipatikana, ya dohani ikakosekana. Sina ugomvi na urembo. Ninachodai ni kwamba bomba la moshi lihesabiwe kuwa kiungo cha nyumba tangu msingi unapochimbwa, na mapambo yaanzie hapo.

Wapo watakaosema wazee walipika ndani bila dohani na maisha yakaenda. Ni kweli, ila waliezeka kwa nyasi. Moshi ulichujika taratibu kwenye paa, ukafukuza wadudu waharibifu na kukausha mahindi yaliyotundikwa juu ya moto. Bati halichuji kitu. Tumebadili paa, moto tukauacha palepale, na anayelipa ni mama aliyeinamia chungu pamoja na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Wengine huiona dohani kama kitu cha Wazungu na nchi za baridi, kisichohusu bonde lenye joto kama la Rukwa. Hoja hii inasahau historia ya huku kwetu. Wafipa, na Wanyiha wa Mbozi, waliyeyusha chuma kwa tanuri refu la udongo, kimo chake kikifika karibu mita 3, lenye matundu chini. Hatua ya kwanza haikuhitaji mivukuto: hewa ya moto ilipanda, ikavuta hewa mpya kupitia matundu yale, na moto ukajichochea wenyewe usiku na mchana. Dohani hufanya kazi vivyo hivyo. Mafundi wale walijua kuwa urefu ndio unaovuta, jambo ambalo fundi wa leo hulisahau anapoweka kibomba kifupi kisichofika hata mgongo wa paa, kisha upepo unaurudisha moshi ndani. Huko Lamu nako, nyumba za mawe ziliwekewa jiko ghorofa ya juu kabisa, moshi uende zake bila kupita vyumbani.

Pingamizi zito zaidi ni la gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo, na nakiri kuwa dohani haimalizi sumu. Huitoa jikoni tu, na isiposafishwa masizi huiziba. Lakini hata lengo likitimia, mtu mmoja kati ya watano atabaki na kuni au mkaa, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi wengi hurudi kwenye mafiga. Nyumba inayojengwa leo itapikiwa miaka yote hiyo.

Kuhusu urembo, Waingereza wa karne ya 16 waliijaza kasri ya Hampton Court dohani za tofali zilizochongwa kwa mitindo mbalimbali, kwa kuwa ndizo zilizoonekana mbali kuliko kitu kingine. Songwe tuna tofali za kuchoma, na vyungu vya Wakisi wa Ikombe na Matema, pwani ya Ziwa Nyasa, haviko mbali. Mikono inayofinyanga vyungu hivyo inaweza kufinyanga kofia ya dohani, yenye matundu ubavuni ya kutolea moshi na kilele kilichofunikwa mvua isiingie, ikatiwa nakshi zilezile za shingo ya chungu.