Bwawa la kuogelea Bukavu: hesabu ianze kwa jirani wa chini

Ukishuka kutoka Nyawera kuelekea Muhumba, au ukipita barabara ya Nguba, utaona nyumba mpya zinazochuchumaa kwenye miteremko kuelekea ziwa Kivu. Nyingine zina ghorofa tatu upande wa ziwa na moja tu upande wa barabara, maana Bukavu mahali tambarare ni adimu kuliko pesa. Na kwenye baadhi ya viwanja hivyo, siku hizi, mwenyewe anataka bwawa la kuogelea, na bustani yenye majani mafupi, taa za chini na ngazi za mawe.

Hakuna ubaya. Mtu aliyetoka jasho ana haki ya kupumzika anavyotaka. Taabu iko kwenye namna bajeti inavyopangwa. Kwa kawaida huanza na picha iliyotumwa kwa WhatsApp, bwawa la bluu lililojengwa Dubai au Kigali. Fundi anaitwa, anaitazama, anatembea hatua kumi huku na hatua kumi kule, kisha anataja idadi ya dola akiwa bado amesimama. Wanajadiliana bei, wanashikana mikono. Hapo kinachokuwa kimehesabiwa ni vigae, pampu na kazi ya mikono. Mteremko, maji na umeme havijaguswa, na hivyo vitatu ndivyo vinavyomaliza pesa Bukavu.

Tuchukue bwawa la kawaida, si la kifahari: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Tuache bei kwanza, kwa sababu bei ya simenti hupanda na kushuka kulingana na mpaka wa Ruzizi, barabara na vita. Kiasi hakibadiliki. Sakafu na kuta zenye unene wa sentimita 20 zinakula zege la mita za ujazo kama 15, yaani mifuko zaidi ya 100 ya simenti ya kilo 50, kabla ya plasta. Shimo lenyewe, pamoja na nafasi ya mafundi kufanyia kazi pembeni, ni mita za ujazo kama 80. Udongo ukishachimbwa huvimba, kwa hiyo kitakachobaki juu ya ardhi ni karibu mita za ujazo 100: lori la mita tano lipande na kushuka mara 20.

Hapo kwenye udongo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika.

Lori 20 ni pesa, na kwenye vichochoro vya Ibanda lori lenyewe huenda lisifike. Kwa hiyo udongo husukumwa kwa toroli hadi ukingo wa chini wa kiwanja, unashindiliwa kidogo kwa miguu, na mwenye nyumba anafurahi kwamba amepata uwanja mpana zaidi wa bustani bila gharama. Watu wengi huogopa uzito wa maji ya bwawa. Ukweli ni kwamba udongo uliotolewa shimoni ni mzito kuliko maji na zege vitakavyoingia humo; shimo lenyewe linapunguzia mlima mzigo. Hatari ni ule udongo uliohamishiwa ukingoni, juu ya paa la jirani. Mvua za Bukavu, zinazozidi milimita 1,300 kwa mwaka na kunyesha tangu Septemba hadi Mei, zitaukuta pale.

Mji huu una somo lake karibu kabisa. Mteremko wa Funu ni poromoko kubwa linalotembea polepole, na juu yake wanaishi makumi ya maelfu ya watu, wanajenga, wanaoa, wanafungua maduka. Watafiti walilinganisha picha za angani zilizopigwa tangu 1947 na picha za setilaiti za miaka ya karibuni, na mwaka 2022 wakachapisha matokeo yao katika jarida la Nature Geoscience. Walichogundua ni kwamba sehemu ya mteremko huo imeongeza mwendo kadiri mji ulivyoujia juu, na kwamba mvua peke yake haielezi jambo hilo. Maji ya mapaa yasiyo na mfereji, maji ya barabara yaliyobadilishiwa njia, mabomba yanayovuja chini kwa chini: hayo ndiyo yanayolowanisha mlima kutoka ndani.

Sasa weka bwawa linalovuja katika picha hiyo. Maji yakishuka sentimita moja kwa siku, macho hayaoni. Kwa bwawa letu la mita 8 kwa 4, sentimita hiyo ni lita 320, bidoni 16 za lita 20 zinazomwagwa kila siku ndani ya mlima, usiku na mchana, hata kiangazi. Kwa mwezi ni lita 9,600. Mwenye bwawa anaongeza maji na kudhani jua limeyanywa. Jirani wa chini anaanza kuona ufa kwenye ukuta wa jikoni.

Ndiyo sababu mstari wa kwanza wa bajeti ungepaswa kuwa ukuta wa kuzuia udongo, na mfereji nyuma yake. Ukuta wa mawe wenye urefu wa mita 12, kimo cha mita 3 na unene wa wastani wa sentimita 70 unahitaji mita za ujazo 25 za mawe na chokaa cha simenti, bado msingi. Kwa ujazo, ni mkubwa kuliko zege lote la bwawa. Tena lazima uwe na matundu ya kutolea maji, na changarawe nyuma yake, kwa sababu ukuta usiopumua husukumwa na maji mpaka ulale. Pita mitaa ya Bukavu baada ya mvua kubwa uhesabu kuta zilizolala. Nyingi zilijengwa kwa mawe mazuri na mafundi hodari. Kilichokosekana ni matundu ya bei ya kipande cha bomba.

Kisha kuna tetemeko. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9 karibu na mji. Nyumba zilianguka Bukavu na makanisa yakawaangukia waumini ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda. Bwawa lililojengwa kwa matofali na plasta, lisilo na nondo zilizofungwa vizuri kwenye pembe, halitavumilia mtikisiko wa namna ile. Anayebana nondo ili anunue vigae vya rangi amekosea mpangilio, na hili nasema bila kuuma maneno.

Twende kwenye maji. Bwawa letu linachukua lita 48,000. Ni bidoni 2,400. Maji ya Regideso, shirika la maji, yanashuka kutoka Murhundu, na mtandao wake ulipangwa kwa ajili ya mji mdogo sana kuliko huu; kuna mitaa ya Kadutu na Panzi ambako wanawake na watoto huamka usiku kuvizia bomba. Kwa lita 20 kwa mtu kwa siku, maji ya bwawa moja yangewatosha watu 2,400 kwa siku moja. Tusitie chumvi: bwawa hujazwa mara moja, halijazwi kila siku, na mwenye bwawa hatauondoa ukame wa Kadutu kwa kuacha kuogelea. Lakini kulijaza kwa bomba la mtaa, wakati mtaa wenyewe umepanga foleni, ni jambo ambalo majirani hawatalisahau upesi.

Paa lipo. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,500. Ili kujaza bwawa inahitajika mvua ya milimita 320 hivi, na Bukavu katika msimu wake huipata kwa miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo mifereji ya paa na tangi kubwa viingie kwenye bajeti kabla ya pampu. Hata bwawa lisipojengwa kamwe, tangi litabaki na kazi, na yale maji ya paa hayatakuwa tena yakichimba mlima.

Umeme nao una lake. Pampu ndogo ya wati 750 ikizunguka saa 8 kwa siku inakula kilowati-saa 6, yaani 180 kwa mwezi. Kwa SNEL, shirika la umeme, si mzigo mkubwa, siku umeme ukiwepo. Mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la 1989, yanahudumia Bukavu na nchi jirani, na mara kadhaa mitambo imesimama kwa sababu chupa na mifuko ya plastiki ya mji huu huu imeziba maingilio ya maji. Pampu ikilala siku tatu, maji yanageuka kijani. Basi weka hesabu ya jenereta na mafuta, au paneli za jua. Na kama unaota maji ya uvuguvugu, kumbuka Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,460 na zaidi, usiku watu hujifunika blanketi. Kuongeza digrii moja tu ya joto kwenye lita 48,000 kunahitaji kilowati-saa 56. Digrii tano ni 280, na usiku mmoja usio na kifuniko hurudisha sehemu kubwa ya joto hilo angani. Kifuniko cha plastiki, ambacho hakimo kwenye picha ya Dubai, ni cha thamani kuliko taa zote za chini.

Matunzo hayana mwisho: klorini, mchanga wa chujio, mtu wa kusafisha. Anayetaka kuona bwawa lisilotunzwa aende Gbadolite, kwenye majumba ya rais wa zamani Mobutu, ambako fedha haikuwa swali kabisa. Tangu 1997 mwenyewe alipokimbia, mabwawa yake yamebaki makavu, na majani yanaota palipokuwa na maji. Mwenye kiwanja wa Nguba hana sababu ya kujilinganisha na Mobutu, ila angejiuliza swali moja: mwaka wa tatu, mishahara ikichelewa, nani atanunua klorini?

Swali hilo lina uzito zaidi tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki kufunga milango. Hakuna mkopo wa kukimbilia. Kazi hulipwa kwa noti mkononi, na noti zenyewe zimekuwa shida kupatikana. Kazi ikisimama katikati, shimo linabaki wazi, na shimo wazi juu ya mteremko wakati wa mvua ni hatari kuliko bwawa lililokamilika. Kwa hiyo mtu asichimbe mpaka awe na fedha za kufikia angalau zege na ukuta. Vigae vinaweza kusubiri mwaka mzima, shimo haliwezi. Achimbe mwanzoni mwa Juni mvua zikikatika, kwa sababu kiangazi cha Bukavu ni kifupi, na Septemba haimsubiri mtu.

Juu ya karatasi, sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali na raia anapewa haki ya kuitumia. Kwa vitendo, baadhi ya viwanja vya ufukweni vina hati mbili, wakati mwingine tatu. Kuweka mita za ujazo 40 za zege na mawe juu ya kiwanja chenye mgogoro ni kumjengea mwingine. Mpimaji alipwe kabla ya fundi.

Bustani ndiyo sehemu ambayo pesa kidogo hufanya kazi nyingi, na ndiyo inayokatwa kwanza pesa zikipungua. Ni kosa. Vetiva, nyasi yenye mizizi inayoshuka mita mbili na zaidi, ikipandwa kwa mistari inayokata mteremko, hushika udongo ambao ukuta hauwezi kuufikia, na gharama yake ni vipandikizi na vibarua wa siku chache. Mianzi pembeni ya mfereji pia. Ngazi za mawe zikilazwa kufuata umbo la mlima hupunguza kasi ya maji; zege laini lililomwagwa kutoka geti mpaka ukingoni huiongeza. Na kama kuna watoto, uzio wa mita 1.2 wenye geti linalojifunga uingie kwenye hesabu ya bwawa lenyewe, usiachiwe mwakani.

Wapo watakaofanya hesabu hizi na kukuta kwamba ukuta, mifereji, tangi na bustani vimemaliza fedha zote, bwawa halijaanza. Hao hawajapoteza kitu. Wana nyumba isiyoteremka, maji ya kutosha kiangazi, na ziwa Kivu lisilo na mamba liko chini pale, linaogelewa bure tangu kabla mji haujaitwa Costermansville, jina lake la kikoloni.

Wale watakaoendelea, mkataba wao na fundi uwe na sharti moja lililoandikwa. Kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa, bwawa lijazwe. Ndoo iliyojaa maji iwekwe kwenye ngazi ya bwawa, nusu ndani ya maji, na alama ichorwe ndani ya ndoo na ukutani mwa bwawa. Baada ya saa 24, siku isiyo na mvua, alama zote mbili zipimwe. Jua hunywa maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kilekile. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na fundi arudi kwenye plasta kwa gharama yake. Jirani wa chini aitwe aje ashuhudie upimaji, na awamu ya mwisho ya malipo, isiyopungua robo, ibaki mfukoni mpaka alama zilingane.