Jengo Lililotuhukumu na Nyumba Zilizotulea

Taifa haliuheshimu utamaduni wake kwa maneno ya hotuba. Huuheshimu kwa kile linachokubali kukigharimia. Kwa kipimo hicho, sisi tunadai kwamba Mombasa imeutunza urithi wake nusu, na nusu iliyotunzwa ni ile iliyoamriwa na watawala.

Tuiangalie Mahakama ya Kale. Jengo hili lilijengwa mwaka 1902, Mombasa ilipokuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza. Karibu yake inasimama Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ambayo tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Aliyehukumiwa kifungo hakuwa na safari ndefu. Mwaka 1960 ngome ilifunguliwa kuwa makumbusho. Na mahakama nayo, mashauri yalipohamishiwa kwingine, ikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Hayo hatuyalaumu. Kuta hizo zimeyashuhudia madhila ya watu wetu, na kuzibomoa kungekuwa ni kuwafutia wakoloni ushahidi.

Lakini hatua chache kutoka hapo waanza Mji wa Kale: Ndia Kuu, Kibokoni, na vichochoro vinavyoshuka hadi bandari ya majahazi. Humo mna nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizoezekwa juu ya boriti za mikoko, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao. Humo watu walizaliwa, wakaozwa, wakafanya biashara, wakajibizana kwa mashairi barazani. Nyumba hizo zaporomoka moja baada ya moja, ama zabomolewa zipishe magorofa ya saruji.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika Orodha ya Urithi wa Dunia, mji mzima pamoja na nyumba zake. Mwaka 2011 ikafika zamu ya Mombasa: ikaingizwa ngome na handaki lake, mji ukabaki nje.

Wako watakaojibu kwamba sheria ipo. Ni kweli, mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale ulitolewa mwaka 1990, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ikapitishwa mwaka 2006. Lakini makatazo hayaezeki paa. Nyumba iliyorithiwa na ndugu wengi, ambao hakuna mmoja wao awezaye kumlipa fundi wa chokaa, hupakwa saruji, na saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta hadi ukaoza. Kumkataza mwenye nyumba asibomoe, na huku hasaidiwi kutengeneza, ni kumhukumu bila ya kumsikiliza. Hukumu za namna hiyo tulizijua zamani, na hatukuzipenda.

Tena wako wanaobeza kwamba nyumba hizo zilikuwa za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, kwa hiyo si utamaduni wa taifa. Basi mbona ngome ya Wareno imekuwa ya taifa? Mbona mahakama ya Waingereza imekuwa ya taifa? Waliokata mikoko, waliochoma chokaa na waliochonga milango walikuwa mafundi wa pwani hii, na ujuzi wao haukuwa wa kuazima. Kama jasho la mjenzi si hati ya umiliki, hatujui hati ni nini.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, sehemu ya viingilio vinavyotozwa ngomeni itengwe kwa matengenezo ya nyumba za wakazi. Pili, Mahakama ya Kale ipewe pia kazi ya kuwafunza vijana uashi wa chokaa na uchongaji, ili jengo lililokuwa likiwapeleka wazee wao kifungoni liwape wao riziki. Tatu, wakazi wenyewe washirikishwe katika kuamua, kwa maana mji usio na wenyewe ni maonyesho tu ya kufurahisha wageni.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema hivyo katika zama ambazo waashi walikuwapo. Ukuta wa matumbawe utakaoanguka baada ya fundi wake wa mwisho kuzikwa, hautakuwa na wa kuujenga.