Kuku kilema si lazima achinjwe



Majirani hapa Koboko wananicheka kwa kumfuga tetea kilema. Wacheke tu, mayai anataga. Ila miguu ya kuku hailemai kwa sababu moja. Kifaranga aliyekunja vidole huenda amekosa vitamini B2: mpe mapema maini na mchicha. Anayelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa Marek. Huo hauna tiba, na chanjo yake hutolewa siku ya kuanguliwa. Wangu hakuugua. Alifungwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda kutoka Arua. Sasa namtandikia majani makavu na kumgeuza asipate vidonda kifuani. Enyi wachuuzi, matenga yapo, yatumieni!

Mfugaji,
Koboko