Karani wa Posta na Vita vya Kifua Kikuu

Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wako wanaodhani kuwa methali hii yahusu nafaka na fedha tu, wala haihusu maradhi makubwa kama kifua kikuu. Lakini historia ya vyama vya hiari vilivyopigana na maradhi hayo, toka nchi za baridi za Ulaya mpaka Homa Bay na Migori kando ya Ziwa Victoria, yaonyesha vingine.

Zamani mataifa mengi yaliamini kwamba kifua kikuu ni maradhi ya ukoo. Katika nchi ya Waluo, mtu aliyekonda na kudhoofika alidhaniwa mara nyingi kuwa ana chira, yaani balaa impatayo aliyevunja mwiko. Kisha tarehe 24 Machi, 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alieleza mjini Berlin kwamba maradhi haya huletwa na kijidudu. Chanzo kikajulikana, ila dawa haikuwapo. Lililowezekana ni kumpa mgonjwa kitanda safi, chakula bora na hewa nzuri, na hayo yote yalitaka fedha. Ndipo watu wa hiari walipoanza kujiunga katika vyama. Uingereza ilipata chama chake cha kuzuia kifua kikuu mwaka 1898, na Uholanzi mwaka 1903.

Miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo, mmoja hakuwa tajiri wala daktari. Bwana Einar Holbøll alikuwa karani wa posta katika nchi ya Denmark. Siku za Krismasi ya mwaka 1903, alipokuwa akipanga marundo ya barua, aliwaza hivi: je, kama kila barua ingebandikwa kistempu kimoja zaidi, cha bei ambayo hata maskini aweza kuilipa, fedha zake zisingewafaa wagonjwa? Mfalme wa nchi hiyo aliliridhia shauri lake. Mwaka 1904 stempu hizo ziliuzwa kwa øre 2 tu kila moja, nazo zikanunuliwa zaidi ya milioni 4. Fedha hizo zilisaidia kujenga hospitali ya watoto katika mji wa Kolding. Mwaka 1907 Bibi Emily Bissell wa Delaware, huko Marekani, alilifuata shauri hilo hilo. Alitafuta dola 300 za kuokoa nyumba ndogo ya wagonjwa isifungwe, akapata dola 3,000. Mwaka 1920 vyama vya nchi 31 vilikutana Paris vikafanya muungano wa dunia nzima, ambao ungali unafanya kazi hata leo.

Dawa zilipogunduliwa, kuanzia miaka ya 1940, tabu nyingine ilizuka. Mgonjwa alitakiwa kutumia dawa kwa muda wa miezi 18, na wengi walichoka wakaacha njiani. Hapo ndipo Afrika ya Mashariki ilipoufundisha ulimwengu. Mwaka 1970 madaktari wa nchi hizi na wa Uingereza walianza kujaribu dawa za miezi 6 tu kwa wagonjwa wa hospitali zetu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1972 yalionyesha kwamba dawa zikichaguliwa vema miezi 6 yatosha. Kwa hiyo mgonjwa anayepona leo kwa muda huo, awe India au Brazil, ana deni kwa wagonjwa wa Afrika ya Mashariki waliokubali kujaribiwa.

Tena toka mwaka 1977, Daktari Karel Styblo wa muungano ule wa Paris alishirikiana na Serikali ya Tanzania kutengeneza utaratibu wa kazi: makohozi yapimwe, dawa zisikosekane, mgonjwa aangaliwe anapozimeza, na jina lake lisifutwe daftarini mpaka ijulikane kama amepona. Katika miaka ya 1990 utaratibu huo ulienezwa duniani kote. Daftari lililotunzwa vizuri likawa silaha sawa na dawa.

Lakini adui alirudi na mwenzake. UKIMWI ulipoingia Nyanza, miili iliyokosa nguvu ilishindwa kukizuia kifua kikuu, na boma nyingi zilipoteza wazazi. Mwaka 1996 chama cha hiari cha Madaktari Wasio na Mipaka kilianza kazi Homa Bay. Mwaka 2001, katika hospitali ya wilaya ya hapo, kilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wakati ambapo dawa hizo zilikuwa za wenye mali tu. Huko Migori iko hatari nyingine. Vijana wanaochimba dhahabu pande za Macalder na Nyatike huvuta vumbi la mawe, na vumbi hilo huyajeruhi mapafu na kukifungulia mlango kifua kikuu.

Mwaka 2025 Marekani ilipunguza sana misaada yake ya afya, na kazi nyingi za UKIMWI na kifua kikuu katika Kenya zikatikisika. Jambo hilo lafaa kuwafikirisha watu wazima. Mgeni mwema husaidia, lakini halali nyumbani kwako kila siku. Anayesikia kikohozi cha usiku ni jirani. Anayejua kwamba fulani ameacha kwenda kuchukua dawa ni mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi hiyo bila mshahara wowote.

Basi mwenye kikohozi kisichokoma kwa wiki mbili, au anayekonda na kutokwa jasho usiku, aende akapimwe makohozi, asingoje mpaka akohoe damu. Katika hospitali za Serikali dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Akishaanza kuzitumia asiziache kwa sababu amepata nafuu mwezi wa pili, maana kijidudu kilichobaki huzizoea dawa, na kumwondoa huwa kazi ngumu kuliko kwanza. Naye jirani asimkimbie mgonjwa, bali amsindikize hospitalini na kumkumbusha siku zake za dawa.

Karani yule wa Denmark hakuwa na dawa mkononi. Alikuwa na barua za watu, na øre 2.