Kidoti cha Bluu Hakijui Korongo

Tangu tuliporudi kutoka Lupanga mwezi wa kumi na mbili, hosteli yetu wananiita "Setilaiti". Nikipita kwenye korido mtu anauliza, "Setilaiti, bafu liko upande gani?" Nimezoea. Ila hadithi imeshazunguka chuo kizima na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (nimesikia eti tulilala msituni siku mbili). Bora niieleze mwenyewe, halafu niseme ninachokiamini kuhusu simu na milima, maana safari nyingine inaandaliwa na sioni kama tumejifunza chochote.

Kwa wasiopajua, Lupanga ni kilele cha milima ya Uluguru kinachoutazama mji wa Morogoro. Kina mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, na mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Kwa hiyo unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu, kisha unashuka, vyote siku moja. Hakuna kambi wala wapagazi kama Kilimanjaro, na nadhani ndiyo sababu watu wanapadharau. Chini unapita kwenye migomba na nyumba za watu. Juu yake unaingia msitu wa hifadhi, na humo njia ni mizizi, tope na ukungu. Ukishakuwa ndani huoni mji wala kilele, unaona mgongo wa aliye mbele yako.

Tulikuwa 14. Mimi nilikuwa kiongozi kwa sifa mbili tu: nasomea ualimu wa jiografia, na nilikuwa na apu ya ramani kwenye simu. Pale tulipoanzia kupanda, kijana mmoja wa kijijini alisema angetuongoza kwa shilingi 40,000. Nikamwambia asante kaka, ramani tunayo. Nikamwonyesha na kioo kabisa, ule mstari wa vitone unaopanda mpaka juu. Akautazama, akacheka kidogo, akasema, "Haya." Gawanya hiyo 40,000 kwa watu 14 uone: haifiki elfu tatu kwa kichwa. Ni chipsi mayai pale nje ya geti.

Kupanda hakukuwa na shida. Tulifika kileleni saa nane mchana, tumechelewa, tukapiga picha na ukungu. Shida ilikuwa kushuka. Njia za mlimani zina tabia moja ambayo hakuna aliyenifundisha: unapopanda, vijia vidogo vinaungana na njia yako kutokea nyuma ya bega, huvioni. Unaposhuka, kila kimoja kinageuka njia panda. Tukafika kwenye njia panda ambayo wote 14 tuliapa kwamba asubuhi haikuwepo. Nikatoa simu. Ramani ilionyesha mistari miwili, wa kushoto ukiwa mfupi kuelekea mjini. Nikasema kushoto.

Tulitembea kama nusu saa. Njia ikawa nyembamba, ikaota majani, halafu ikaishia kwenye kisiki kikubwa. Basi. Hakuna zaidi. Nikatazama tena simu: ule mstari mwingine ulikuwa kulia kwetu, mita 80 hivi. Nikasema maneno ambayo wenzangu wameyageuza wimbo: "Tukate hapa, ni karibu kuliko kantini."

Wawili wakatangulia. Wa pili akateleza, akapotea machoni mwetu, tukasikia majani yakivunjika, halafu kimya. Kile kimya bado nakikumbuka. Alikuwa amenasa kwenye mzizi, hatua chache tu kutoka mahali ambapo ardhi ilikuwa imekatika. Chini yake tulisikia maji yakipita, ila hatukuyaona. Tulimvuta kwa mashuka ya kimasai mawili yaliyofungwa pamoja. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshaanza kuvimba.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko jina la Setilaiti.

Miezi mitano kabla ya siku hiyo nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu, mada ya kusoma ramani. Nilichora ubaoni mistari ya kontua, nikawafundisha wanafunzi kwamba kontua zikikaribiana mteremko ni mkali, zikiachana ni tambarare. Tena kwa Kiingereza, kama mnavyojua. Waliimba jibu lile kama dua, maana lina alama zake kwenye mtihani wa taifa. Mimi mwenyewe nililiimba hivyo hivyo nilipokuwa kidato cha tatu, nikapata alama zangu. Na siku ile mlimani, kwenye kioo kilichokuwa mkononi mwangu, kati ya kidoti chetu cha bluu na ule mstari wa mita 80, kontua zilikuwa zimebanana kama nywele. Nilizitazama. Sikuzisoma. Jicho lilikuwa kwenye kidoti.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Simu inajibu swali moja: niko wapi. Swali la pili, nipite wapi, hailijibu, ila sisi tunalichukua jibu la kwanza tunaligeuza la pili.

Tuanze na jibu lenyewe linavyopatikana, maana hata hapa chuoni kuna watu wanaamini GPS inakula bando. Haili. Simu yako inasikiliza tu mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti zilizoko takriban kilomita 20,200 juu yetu. Ikizisikia angalau nne kwa pamoja, inapiga hesabu ya muda ambao kila wimbi limetumia kufika na kujua ilipo. Haitumi kitu huko juu, na hata bila laini inafanya kazi. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na hiyo unaipakua ukiwa bado hosteli. Watatu katika kundi letu hawakuipakua. Mtandao ulipokata, walibaki na kidoti cha bluu kikielea kwenye karatasi nyeupe.

Mahali pa wazi, simu inakosea mita chache tu. Chini ya miti mikubwa, kwenye bonde lenye kuta za mwamba, mawimbi yanazuiwa au yanagonga na kurudi kabla ya kukufikia, na kosa linaweza kuwa makumi ya mita. Zile "mita 80" zangu huenda zilikuwa 50, huenda 120. Tena hizo kontua zenyewe, kwenye apu nyingi za bure, zinatokana na vipimo vya rada vilivyopigwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Vipimo hivyo vinaachana kama mita 30, na penye msitu mnene rada mara nyingi ilipima vilele vya miti badala ya udongo. Korongo jembamba lenye miti juu yake linaweza kujificha humo kabisa. Kwa hiyo hata ningezisoma kontua vizuri, zingeniambia tu kwamba hapa pana mteremko wa hatari. Zisingeniambia kwamba pana shimo.

Na ule mstari mfupi wa kushoto? Ramani nyingi za apu hizi zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote duniani anaweza kuchora na kurekebisha. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini anayechora anaweza kuwa ametazama picha ya setilaiti akaona mstari kwenye miti, akauchora, akalala. Mstari hauna sauti ya kukuambia nani aliupita, lini, na alikuwa anatafuta nini.

Kuna wanaosema tatizo ni la kwetu, kwamba ramani za Afrika ni duni na kule Ulaya mtu anafuata simu tu. Mwaka 2021 taasisi mbili za Scotland zilitoa onyo hadharani kwamba Google Maps inaweza kuwapeleka watu kwenye miteremko ya kuua katika mlima Ben Nevis. Huo ni mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345, na nchi yao imepimwa kila kichaka. Mlima ni mlima.

Wengine wamekwenda upande wa pili. Kwenye kikao cha tathmini jamaa mmoja alisimama akasema simu ziachwe hosteli, wazee wetu walipanda bila simu na hawakupotea. Alipigiwa makofi. Mimi sikupiga. Wazee waliopanda bila simu walikuwa na mlima wote kichwani, walikwenda huko na baba zao kabla hawajaota meno ya pili. Wewe umekulia Tabata, ukiachwa Kariakoo unauliza njia. Ukiiacha simu hosteli hugeuki mzee wa Kiluguru, unageuka mtu wa Tabata asiye na simu.

Halafu asisahau kilichotutoa. Tulipokuwa tumekaa pale, mmoja anaugulia mguu, simu yangu ina asilimia 11 kwa sababu ilishinda ikitafuta mtandao usiokuwepo, dada mmoja wa mwaka wa kwanza alisema kwa aibu kwamba yeye anayo apu ya kukimbilia. Alikuwa ameiwasha tangu asubuhi, apate idadi ya kilomita za kuweka kwenye status. Tulikuwa tumemcheka njiani. Kumbe ile apu ilikuwa imerekodi kila hatua yetu, mstari mmoja mwekundu kutoka kijijini mpaka pale kwenye kisiki. Huo haukuwa mstari wa mtu asiyejulikana. Ulikuwa wa miguu yetu wenyewe, tunajua unapitika maana tumeupita. Tukaufuata kinyumenyume, tukapanda tena hadi njia panda, tukimbeba mwenzetu kwa zamu. Giza lilituwahi ndani ya msitu. Tulitoka saa tatu kasoro usiku, kwa tochi za simu tano.

Kijijini mzee mmoja alikuwa amekaa nje. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu, mmetokea wapi usiku huu?" Tukamweleza. Hakututukana, na ningependa angetutukana. Alisema tu, "Ile ya kushoto ni ya wapasua mbao wa zamani. Haiendi popote. Ilikuwa inakwenda kwenye mti." Mti wenyewe ndio kile kisiki.

Babu alijua. Yule kijana wa 40,000 naye bila shaka alijua, ndiyo maana alicheka. Maarifa yalikuwepo pale mwanzo wa njia, yana bei, na sisi tuliona bei ni kubwa kwa kuwa yamevaa kandambili. Sisi tunaosoma tuna ugonjwa huu: kitu kikiwa kwenye kioo tunakiita taarifa, kikiwa kwenye mdomo wa mkulima tunakiita maelezo.

Ninachotaka si kikubwa. Kamati ya safari isiruhusu kundi kupanda bila mwenyeji anayelipwa, na malipo yake yawe kwenye bajeti tangu mwanzo, si jambo la kujadiliana mlimani. Simu ziende, tena mbili au tatu: ramani imepakuliwa, hali ya ndegeni imewashwa ili chaji isiishie kutafuta mtandao, pawabenki moja kwenye begi la mtu makini, na angalau simu moja inarekodi njia tangu hatua ya kwanza. Muda wa kugeuka upangwe kabla ya kuondoka. Sisi tungegeuka saa saba, tumefika tusifike, nisingekuwa naandika haya. Wanaopanga Meru au Kilimanjaro waongeze kwamba baridi inaua betri, simu ikae kifuani chini ya jaketi.

Na kwetu wa elimu, tuache kufundisha kontua kama dua. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam waliingia mitaani kupitia mradi wa Ramani Huria, wakachora kata za Dar zinazokumbwa na mafuriko, wakiwauliza wakazi mitaro iko wapi na maji yanafika wapi. Sioni kwa nini sisi tushindwe kuchora vijia vya mlima mmoja, tukitembea na wenyeji, tukaandika ipi ni ya mashamba, ipi ya maji na ipi iliishia kwenye mti. Ule mstari wa kushoto nimeshaurekebisha mwenyewe kwenye ramani, baada ya kurudi kwa babu na kumwomba anieleze taratibu. Ilichukua dakika kumi, ukiondoa chai.

Safari ijayo ni baada ya masika. Mwenzetu mguu umepona na amejiandikisha wa kwanza, sijui ni ushujaa au ni nini. Yule kijana nimeshampigia, amekubali, bei ni ile ile. Kwa hiyo mchango umepanda kwa elfu tatu, na anayetaka kujua ni za nini anitafute chumbani. Aulizie Setilaiti.