Usalama wa Pombe ya Kienyeji Huanzia Ghalani, Si Kilabuni

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 9 Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, Mkoa wa Tete nchini Msumbiji, waombolezaji walikunywa msibani pombe ya kienyeji iliyopikwa nyumbani kwa unga wa mahindi. Katika siku zilizofuata watu 75 walifariki dunia na wengine zaidi ya 150 waliugua. Mama aliyeipika pombe hiyo alikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Uvumi ulioenea haraka ni ule unaofahamika pia katika vijiji vyetu, kwamba pombe ilikuwa imetiwa nyongo ya mamba.

Uchunguzi wa kimaabara ulitoa jibu jingine. Sumu iliyoua ni asidi ya bongkreki, ambayo hutengenezwa na bakteria anayestawi katika vyakula vya wanga vilivyoloa na kuvunda. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mnywaji, na haiondoki kwa kuchemshwa. Hapakuwa na adui aliyeinyemelea sufuria usiku. Tatizo lilikuwa ndani ya malighafi yenyewe, kabla moto haujawashwa.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila zinapotolewa taarifa kuhusu pombe za kienyeji. Kwa kawaida taarifa hizo huhusu mwisho wa safari ya kinywaji: saa za kufungua vilabu, leseni za wauzaji, au mitambo ya gongo iliyokamatwa. Hatua hizo ni za lazima, lakini mkaguzi anayefika kilabuni hukuta pombe iliyokwisha kuiva. Mambo yanayoamua kama kinywaji ni salama au ni sumu hufanyika nyumbani siku kadhaa kabla, katika uchaguzi wa nafaka, chombo na namna ya kutumia moto.

Namna pombe inavyotengenezwa

Mbege ya Kilimanjaro, rubisi ya Kagera, komoni ya Nyanda za Juu Kusini na busaa ya magharibi mwa Kenya hutofautiana kwa ladha na malighafi, lakini kanuni yake ni moja. Chachu hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni. Katika mbege na rubisi sehemu kubwa ya sukari hutoka kwenye ndizi mbivu. Katika pombe za nafaka sukari haipo tangu mwanzo. Kilichopo ni wanga, nao lazima uvunjwevunjwe kwanza.

Kazi hiyo hufanywa na kimea. Ulezi, mtama au mahindi huloweka kwa muda wa siku moja hivi, huoteshwa kwa siku tatu hadi tano, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Nafaka inapoota hujitengenezea vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Unga wa kimea ukitiwa katika uji uliopoa kiasi, nyuzijoto 60 hadi 65 hivi, uji huo hulainika na kuwa mtamu. Ukitiwa katika uji unaotokota, vimeng'enya huungua na uji hubaki mzito usio na utamu. Ndiyo sababu kipimajoto cha bei ndogo kinaweza kumwokolea mpishi debe zima la nafaka.

Uji huo mtamu ndio togwa inayonywewa na watoto na wakubwa. Ukiachwa uendelee kuchachuka kwa siku moja hadi tatu huwa pombe, ambayo kiwango chake cha kilevi kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 5. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya magonjwa. Kinga hiyo, hata hivyo, hupungua pale mpishi anapoongeza maji mabichi ya kisima ili pombe itoshe wateja. Maji ya kuongezea yapaswa kuwa yamechemshwa na kupozwa katika chombo chenye mfuniko.

Nafaka mbovu haigeuki kuwa njema

Katika kaya nyingi za Afrika mahindi yanapochambuliwa, mazuri hutengwa kwa ajili ya ugali, na yaliyoota ukungu, yaliyovunjika au yaliyonyeshewa hupelekwa kwa kuku au kwenye pombe. Mama anayefanya hivyo hana nia mbaya. Anakwepa hasara, akiamini kwamba kuchemsha na kuchachusha kutasafisha kila kitu. Imani hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika upishi wa pombe nyumbani.

Sumukuvu, ambayo hutokana na ukungu unaoshambulia mahindi na karanga, haiondolewi na moto wa jikoni. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumu hiyo iliugusha watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara wagonjwa 68 walibainika, na 20 kati yao walifariki. Katika matukio hayo sumu ilikuwa kwenye mahindi ya chakula. Mahindi ya aina hiyo yakiingia kwenye pipa la pombe, sumu yake huingia nayo.

Kwa sababu hiyo, chombo cha kwanza cha mpika pombe ni ghala lake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipima unyevu anaweza kutumia chupa ya kioo iliyo kavu: atie mahindi kiasi, aongeze chumvi kavu, afunge na atikise. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu mwingi na inahitaji kurudishwa juani. Kukausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu, pamoja na kuhifadhi katika mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ni mbinu zilezile ambazo wizara yenye dhamana ya kilimo imekuwa ikizihimiza, ikiwemo kupitia Mradi wa Kudhibiti Sumukuvu (TANIPAC). Elimu hiyo imelengwa kwa mkulima na mlaji wa ugali. Haina budi kumfikia mpika pombe pia.

Mtama nao una jambo lake. Machipukizi na vijizizi vinavyotokea unapooteshwa hubeba kiini kinachoweza kutoa sianidi. Desturi ya kukausha kimea vizuri, kukisugua na kupepeta machipukizi yote kabla ya kusaga ina msingi wa kisayansi, na haifai kurukwa kwa sababu ya haraka ya soko.

Chombo na asidi

Pombe ni kinywaji chenye asidi, na asidi hula metali. Ndoo na mapipa ya bati yaliyopakwa zinki huachia zinki ndani ya kinywaji na kusababisha kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Kusini mwa Afrika madaktari walibaini miaka mingi iliyopita wanywaji wa pombe iliyochachushwa katika mapipa ya chuma wakiwa na madini ya chuma kupita kiasi yaliyoharibu maini yao. Mapipa yaliyowahi kubeba mafuta, rangi au viuatilifu hayafai hata yakioshwa mara kumi.

Vinavyofaa ni mtungi wa udongo uliooshwa na kukaushwa, ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kichujio kichemshwe kabla ya kutumika. Pombe ambayo bado inachachuka isifungwe kwenye chupa ikabanwa, kwa kuwa hewa inayozalishwa huweza kuipasua na kujeruhi watu.

Moto wa pili

Mpaka kati ya pombe na gongo ni moto wa pili. Pombe iliyoiva ikichemshwa tena na mvuke wake kukusanywa, kilevi huongezeka mara nyingi, na kila kosa la awali hupata uzito mpya. Rejeta za magari zinazotumiwa kupoza mvuke huwa na maungio ya risasi, madini yanayodhuru ubongo na figo. Hatari zaidi ni wale wanaoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini Kenya kwa vinywaji vyenye methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Anayepata kiwi cha macho, maumivu makali ya kichwa au kutapika saa kadhaa baada ya kunywa awahishwe hospitali. Asiachwe alale akidhaniwa kuwa amelewa tu.

Sheria zimeuchora mpaka huo kwa njia tofauti. Tanzania Bara imedhibiti utengenezaji wa gongo kwa sheria maalumu tangu mwaka 1966, huku uuzaji wa pombe za kienyeji ukiruhusiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Vileo. Kenya mwaka 2010 iliifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa na kukiweka kinywaji hicho chini ya utaratibu wa leseni, lakini vifo vya mwaka 2014 vilionesha kwamba leseni bila ukaguzi wa malighafi haitoshi.

Funzo linalofaa kwetu

Upishi wa pombe ni chanzo cha ada ya shule na chakula cha kaya nyingi zinazoongozwa na wanawake. Amri ya kufunga pekee huwasukuma wapishi mafichoni, ambako hakuna afisa afya anayefika. Mwongozo bila usimamizi nao hubaki karatasi. Panapohitajika nguvu zaidi ni katikati: afisa afya na afisa ugani wa kata waitembelee kaya inayopika kabla ya pombe kuiva, wakague nafaka na vyombo, na leseni ya kilabu ihusishwe na ukaguzi huo.

Wajibu wa mwananchi ni mwepesi kueleza, ingawa mgumu kutekeleza mwaka wa mvua nyingi: nafaka usiyoweza kumpikia mtoto wako ugali usimpikie mgeni wako pombe. Gunia lililovunda ni hasara ya gunia moja. Huko Chitima, malighafi iliyoharibika iligharimu maisha ya watu 75, akiwemo yule aliyeipika.