Malezi ya Watoto: Mtoto Mzito wa Hesabu

Katika shule zetu za kandokando ya ziwa, tangu Igombe hata Ukerewe, hakosekani mtoto asomaye vizuri na kujua katekisimu yake, lakini akipewa hesabu hupigwa na bumbuazi. Baba humwita mvivu. Wengine humwachisha shule, akaanike dagaa. Hivyo sivyo.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watoto 100, kati ya 3 na 7 wana uzito huo. Si uvivu, si laana, wala fimbo haiuondoi.

Tena kuna habari njema. Katika uchunguzi wa miaka ya karibuni watu wenye uzito wa namna hii waliulizwa, si jibu kamili, bali kama jibu litazidi namba fulani au litapungua. Walikwenda polepole na kukosea kuliko wenzao, lakini hawakubahatisha ovyo. Namba ile ilipokuwa mbali na jibu, walipata zaidi. Maana yake, akili ya kupima wingi wanayo.

Tusipime kwa karatasi tu. Mwaka 1985 ilitangazwa habari ya watoto wachuuzi wa Recife, nchini Brazil. Sokoni walipata hesabu 98 katika 100. Walipopewa hesabu hizo hizo tupu, za kuandika, walipata 37 tu. Hao hawakuwa wazito, lakini watufundisha jambo.

Basi mama, ukienda mwaloni na mwanao, mwulize: samaki 19, kila mmoja shilingi 510, je, fedha zitazidi 5,000? Asiandike kwanza. Mwonyeshe: 19 ni karibu na 20, na 510 ni karibu na 500, basi ni kama 10,000. Zimezidi sana! Kisha afanye hesabu kamili: 9,690. Siku akipata 969, atajua mwenyewe kwamba amekosa.

Ajuaye kukisia hapunjwi upesi. Wazee wetu wakulima wa pamba walionja uchungu wa mizani ya wanunuzi, hata wakaunda vyama vya ushirika katika miaka ya 1950. Mtoto huyu naye kesho atauza na kununua.

Mungu hakugawa talanta sawasawa, lakini hakumnyima mtu zote. Jioni hii, badala ya kumgombeza mwanao, mwulize swali moja la kukisia, kisha umngojee ajibu.